Mafundi wa Mabano

Anayetaka kuujua ufundi wa mikataba ya tabianchi aachane na picha za marais waliojipanga mstari, ashike rasimu. Humo, kila neno ambalo nchi moja tu imelikataa hufungwa ndani ya mabano ya mraba. Penye njia tatu za kusema jambo, zote tatu huandikwa, kila moja na mabano yake. Februari 2015 rasimu ya Mkataba wa Paris ilitoka Geneva ina kurasa 86, imeota mabano kama ua wa michongoma. Desemba ulipatikana mkataba wa vifungu 29, bila bano hata moja.

Kazi iliyofanyika hapo katikati ndiyo ninayoihusudu. Ukifuta neno la mwenzako umechokoza ugomvi, kwa hiyo fundi hutafuta neno la tatu, ambalo kila mjumbe anaweza kurudi nalo kwao bila aibu. Durban mwaka 2011, mkutano ulikuwa umepitiliza muda wake kwa zaidi ya siku nzima. Ulaya ilitaka makubaliano yajayo yafunge kisheria. India ilikataa kufungwa. Connie Hedegaard wa Ulaya na Jayanthi Natarajan wa India wakasimama ukumbini wakibishana, wajumbe wamewazunguka, hadi Mbrazili Luiz Figueiredo alipopendekeza maneno machache: matokeo yaliyokubaliwa yenye nguvu ya kisheria. Yana tofauti gani na mkataba? Kila upande ulijipa jibu lake, na ndiyo maana yalipita.

Mafundi hawa hawakuanza wakiwa hodari. Itifaki ya Kyoto ya 1997 ilipigwa misumari: kila nchi tajiri ilipewa tarakimu yake, na kwa pamoja zipunguze gesijoto angalau asilimia 5 chini ya kiwango cha 1990, kati ya 2008 na 2012. Marekani ilitia saini, isiridhie. Kanada ilijitoa. Kinyume cha misumari hiyo, wazee wa pwani yetu waliounda mitepe walizishona mbao kwa kamba za nazi, chombo kikawa kinanyumbuka na wimbi, na Paris, kwa maoni yangu, ni chombo cha kushonwa.

Tazama mshono wenyewe katika kifungu cha 4. Kila nchi inaamriwa kuandaa mchango wake wa kupunguza gesijoto na kuutangaza, na kila miaka 5 ilete mwingine. Lakini kiasi cha mchango inajipangia yenyewe, na mkataba unasema tu kwamba ni mchango ambao nchi "inakusudia" kuufikia. Utaratibu ni sheria, tarakimu ni hiari. Mtu wa haraka ataona ni ujanja. Mimi naona ni mtu aliyejua kamba ikazwe wapi na ilegezwe wapi.

Hapo Kiswahili kinapata taabu. Sheria zetu huamuru kwa kiambishi -ta-: waziri atateua, mahakama itasikiliza. Kiingereza kina "shall" la kuamuru, "should" la kuhimiza, na "will", ambalo limewekwa mahali pa ajabu: panaposemwa kwamba kila mchango mpya utauzidi uliotangulia. Je, hiyo ni amri, au utabiri tu? Mfasiri akiandika -ta- amekwisha kuamua jambo ambalo waandishi walikataa kuliamua.

Na neno moja lilikaribia kuzamisha kila kitu. Tarehe 12 Desemba 2015, nakala ya mwisho iliposambazwa, Wamarekani walikuta nchi tajiri zimeandikiwa "shall" katika malengo ya kupunguza gesijoto, ilhali nchi zinazoendelea zimeandikiwa "should". Wajibu mpya wa namna hiyo ungelazimu mkataba upelekwe Seneti, na huko usingetoka. Kikao kikachelewa, minong'ono ikatembea ukumbini. Hatimaye ofisa wa sekretarieti akasoma orodha ya masahihisho madogo ya uchapaji kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitunguu, neno lile likiwemo. Laurent Fabius, mwenyekiti wa mkutano, akagonga nyundo yake ya kijani.

Hata mlango wa kutokea ulitengenezwa kwa makini: nchi isubiri miaka 3 tangu mkataba uanze kutumika kwake, kisha mwaka 1 wa taarifa. Marekani ilitangaza mwaka 2017 kwamba inatoka. Ilitoka rasmi tarehe 4 Novemba 2020, siku moja baada ya uchaguzi wake, na ikarudi Februari 2021. Januari 2025 ikatangaza tena kutoka.

Moshi, najua, hausomi vifungu. Glasgow 2021, dakika za mwisho, "kuondoa" makaa ya mawe kuligeuzwa kuwa "kupunguza", na Alok Sharma aliyekuwa kwenye kiti akazidiwa na machozi. Ufundi uleule ulimwumiza fundi.

Na kazi moja imewashinda wote. Kanuni ya 42 ya uendeshaji wa mikutano hii, inayosema kura zipigwe vipi wakishindwa kukubaliana, haikupitishwa kwenye mkutano wa kwanza, Berlin 1995. Ndiyo sababu kila jambo huamuliwa kwa maafikiano ya wote. Kanuni yenyewe bado imo ndani ya mabano.