Stara na Ficho: Mapenzi, Ujana na Kumbukumbu katika Vitabu Vitano vya Kiswahili

1. Utangulizi

Ziko aina tatu za vitabu ambazo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuzipita bila kuzibishia hodi: riwaya za mapenzi, hadithi za vijana, na maandishi ambayo watu wameandika juu ya maisha yao wenyewe. Aina ya kwanza huambiwa kuwa ni nyepesi. Ya pili huachiwa walimu wa shule. Ya tatu hukabidhiwa wanahistoria wajichotee tarehe na majina ya mahali. Hata pale kitabu kimojawapo kinapofundishwa chuoni, mara nyingi huingizwa kwa mlango wa nyuma. Kiu husomwa kama maelezo ya tamaa ya mali, Rosa Mistika kama onyo kwa wazazi, na Maisha Yangu kama ghala la kutafutia mawazo ya Shaaban Robert yanayopatikana katika vitabu vyake vingine. Kile kinachowafanya wasomaji wa kawaida wavishike vitabu hivi usiku hadi taa izimike hakiulizwi.

Makala haya yanakusudia kupendekeza vitabu vitano vya aina hizo visomwe upya na wasomi, na hasa na wanafunzi watakaotoka vyuoni kwenda kufundisha. Mapendekezo bila kipimo ni maneno ya sokoni tu; kwa hiyo yafaa kipimo kielezwe kwanza.

Mapenzi, ujana na kumbukumbu hukutana mahali pamoja: zote humlazimisha mwandishi kusema ya ndani. Na juu ya jambo hili hekima ya Waswahili ina ndimi mbili. Upande mmoja husema, mficha uchi hazai. Upande wa pili hukumbusha kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, maana yake pia ni kwamba mwosha huyo hatarajiwi kuitangaza barazani. Mwandishi wa ya ndani anasimama kati ya methali hizo mbili. Ajifiche kabisa, hazai kitu; aseme yote, amemvua nguo asiyeweza kujitetea. Kwa sababu hiyo swali la kuuliza si kama mwandishi amesema mengi au machache. Swali ni: kimya chake kinamfunika nani? Kikimfunika mnyonge, hiyo ni stara. Kikimfunika mwenye nguvu, hicho ni ficho. Tofauti hii ndiyo itakayotumiwa hapa kuvipima vitabu vyote vitano.

2. Mapenzi: Kiu

Riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed, Kiu, ilitoka mwaka 1972. Muhtasari wake unaweza kusemwa kwa pumzi moja: Mwinyi, mzee mwenye mali, anamtaka Bahati, Bahati, msichana maskini, anampenda Idi, na Idi, kijana, anaipenda mali ya Mwinyi. Kila mmoja ana kiu, na hakuna anayeteka maji kwenye kisima kimoja na mwenzake. Uzuri wa jina la riwaya hii ni kwamba halimlaumu mtu. Kiu si dhambi. Ni hali ya mwili. Lawama huanza pale mtu anapotumia kiu ya mwenziwe kukatia yake.

Wasomaji wengi wa chuo, wakishafika hapo, huifunga riwaya na kuandika kwamba dhamira yake ni ubaya wa fedha. Jambo hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu lingeweza kusemwa katika hotuba. Kinachofanya Kiu iwe riwaya ya mapenzi, na riwaya nzuri, ni jinsi inavyomtendea Bahati. Msomaji anaifahamu nia ya Idi kabla Bahati hajaifahamu. Hali kama hiyo ina hatari yake: katika hadithi nyingi za mapenzi zilizouzwa kwa bei nafuu, ujinga wa msichana hugeuzwa kichekesho au kitamanisho, na msomaji hualikwa kuchungulia dirishani pamoja na mlaghai. Mohamed hamruhusu msomaji starehe hiyo. Mapenzi ya Bahati hayafanywi upumbavu kwa sababu tu aliyependwa hakuyastahili. Anayevuliwa nguo ni Idi: hila zake zinawekwa juani pamoja na tamaa ya Mwinyi, na lugha tajiri ya Unguja inayotumika katika mazungumzo yao inageuka ushahidi dhidi yao, kwa kuwa maneno matamu yanasikika yakifanya kazi ya dalali.

Kwa kipimo kilichowekwa, basi, Kiu ina stara mahali panapostahili. Na hapa pana somo kwa wahakiki wanaodai kwamba riwaya ya mapenzi haina la kufundisha isipokuwa ikiambatanishwa na siasa. Namna mwandishi anavyogawa maarifa kati ya msomaji na mhusika, nani ajue nini na lini, ni suala la maadili kabla halijawa suala la fani.

3. Ujana: Rosa Mistika na Siku Njema

Mwaka mmoja kabla ya Kiu, yaani 1971, Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kipindi fulani, na historia hiyo imeshughulikiwa sana. Inayoshughulikiwa kidogo ni sababu ya ndani iliyoifanya riwaya hii ya msichana wa Ukerewe iwakere watu wazima. Wengine walisema ni uwazi wake katika mambo ya mwili. Lakini uwazi peke yake haumkeri mtu kwa muda mrefu; huzoeleka. Kinachokera zaidi ni kwamba Kezilahabi alilikamata neno stara likiwa mikononi mwa watu wasiolistahili.

Zakaria, babake Rosa, ni mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anadai kwamba analinda heshima. Rosa anapotoka chini ya fimbo hiyo na kwenda masomoni, hana silaha yoyote dhidi ya wanaume wanaomzunguka, kwa kuwa malezi yake yalimfundisha hofu tu, na hofu ikikosa fimbo haina kazi. Mwishoni Charles, aliyekusudia kumwoa, anamkataa kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Baba na mchumba, kila mmoja kwa wakati wake, wamemdai msichana huyu usafi ambao wao wenyewe hawakuulizwa. Kile walichokiita stara kilikuwa ficho: kiliwafunika wao, na Rosa akabaki nje kwenye mvua.

Karibu na mwisho mwandishi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, washtakiane. Wako wahakiki walioiona sehemu hiyo kuwa kiraka kisichofanana na nguo. Hata hivyo, ikisomwa kwa kipimo cha makala haya, sehemu hiyo ina maana ya kutisha. Rosa amepewa nafasi ya kusema na babake ana kwa ana, bila kupigwa, baada tu ya wote wawili kufa. Hakuna sebule wala baraza duniani ambapo mazungumzo hayo yangewezekana.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, ni kitabu cha tabia nyingine kabisa. Kijana Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anasimulia mwenyewe jinsi alivyolelewa bila baba na jinsi alivyovuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta. Riwaya hii iliwahi kutahiniwa katika shule za upili za Kenya, na vizazi vya wanafunzi vimeisoma miongozo yake, pengine kuliko kitabu chenyewe. Kasoro zake zinajulikana: bahati nasibu hufanya kazi kubwa mno, na mambo hukunjamana vizuri mwishoni kuliko yanavyokunjamana ulimwenguni. Wahakiki wakali wametosheka na hayo.

Lakini yafaa iulizwe kwa nini vijana wengi walioisoma wanaikumbuka baada ya kuyasahau majibu ya mtihani. Jibu linalopendekezwa hapa ni sauti. Kongowea ana haki zote za kulalamika, na analalamika. Hata hivyo, simulizi yake haimfanyi mama aliyemzaa kuwa sababu ya aibu yake. Jamii inayomzunguka inataka kumbebesha mama huyo lawama ya mtoto asiye na baba. Kijana anakataa kuushika mzigo huo kwa niaba yao. Anasema ya ndani kuhusu njaa yake, dharau aliyotendewa na mapenzi yake mwenyewe, lakini mama anasitiriwa kwa upendo. Kwa msomaji wa miaka 15 anayetoka katika nyumba kama hiyo, na wako wengi, jambo hili lina uzito kuliko mpangilio wa vitushi. Walibora, aliyefariki mwaka 2020, aliandika pia tawasifu akaipa jina Nasikia Sauti ya Mama. Mwenye kuvisoma vitabu hivyo viwili kwa pamoja ataona kwamba mama ndiye kitovu cha vyote viwili.

4. Kumbukumbu: Tippu Tip na Shaaban Robert

Katika tawasifu, tofauti ya stara na ficho hujitokeza bila pazia la riwaya. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, yaliandikwa kwa maneno yake mwenyewe na kuchapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Yalipata wasomaji wapya yalipotolewa tena na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Kama nathari, ni kazi ya kustaajabisha. Anaanza na safari za kijana wa miaka 12 anayefanya biashara ya sandarusi, na kutoka hapo sentensi zinakwenda kwa miguu mepesi hadi Tabora, hadi Manyema, hadi Kongo, ambako mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls. Hakuna pambo. Watu wanajibizana, msafara unaondoka, pembe zinapimwa.

Wasomi wa lugha wanapaswa kukisoma kitabu hiki kwa ajili ya nathari hiyo. Wanapaswa pia kuisikia sauti isiyomo. Waliobeba pembe hizo, na waliotekwa wakawa bidhaa, hawana neno la kusema. Mwandishi anayekumbuka mazungumzo yake na machifu hakumbuki hata kilio kimoja cha mtumwa. Ufasaha wake ndio unaolifanya ficho hilo liwe kubwa, kwa kuwa msimulizi hodari hivyo hawezi kusemwa kwamba alikosa maneno. Kukisoma kwa kustarehe na msafara bila kuuliza ni nani amebeba mizigo ni kujiunga na msafara wenyewe.

Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert ni kinyume chake. Mwandishi huyu aliyezaliwa mwaka 1909, akawa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, hakuwa na misafara wala majeshi ya kusimulia. Anasema juu ya kazi, uhamisho, watoto, na zaidi ya yote juu ya kifo cha mkewe Amina. Hapo nathari inakoma, na shairi la maombolezo linashika zamu. Badiliko hilo lina maana kubwa. Nathari ingemdai aeleze kitanda, maradhi na siku za mwisho. Shairi linamruhusu alie bila kumfunua marehemu. Mwosha amekaa kimya juu ya mwili, akasema juu ya msiba. Vivyo hivyo, hofu yake ya mzazi aliyebaki na watoto haielezwi moja kwa moja, bali inageuzwa tenzi mbili za nasaha, wa binti na wa mwana, kwa kufuata njia aliyoifungua Mwana Kupona mwaka 1858 alipomtungia binti yake wasia.

Si kwamba kitabu hiki hakina dosari. Amina anasifiwa kuliko anavyoonekana, na msomaji anatamani angalau amsikie akicheka au akikasirika mara moja. Stara ikizidi humfanya mtu kuwa sanamu. Hata hivyo dosari hiyo ni ya upendo uliozidi tahadhari, na haiwezi kuwekwa katika mizani moja na kimya cha Tippu Tip.

5. Hitimisho

Vitabu hivi vitano vinapendekezwa visomwe kwa jozi, si kimoja kimoja. Kiu isomwe pamoja na Rosa Mistika, ili ionekane jinsi mwandishi mmoja alivyomlinda msichana kwa kumfichua mwanamume, na mwingine kwa kuifichua stara yenyewe ilipoharibika. Siku Njema isomwe pamoja na Maisha Yangu, kwa kuwa katika vitabu vyote viwili mwanamume anamsimulia mwanamke aliyemtunza, na kila kimoja kinaonyesha pungufu la mwenziwe. Maisha ya Tippu Tip yasomwe baada ya vyote, masikio yakiwa yamekwisha kunolewa.

Sababu ya kulisisitiza jambo hili mbele ya wahadhiri iko wazi. Mwanafunzi anayepita chuoni leo atasimama kesho mbele ya darasa la vijana ambao baadhi yao wamo katika nyumba ya Zakaria, na baadhi wanaandikiwa barua na akina Idi. Akiwa amefundishwa kwamba vitabu vinavyozungumza na maisha hayo ni vyepesi, atawapa dhamira tatu na mbinu tano wakazikariri. Akiwa amefundishwa kuuliza kimya kinamfunika nani, atakuwa amewapa swali ambalo linaweza kuwafaa hata nje ya kitabu.