Jembe, Zege na Kunde: Namna Misuli Inavyojengwa Kurui

Mkulima wa Kurui, wilayani Kisarawe, aamkaye alfajiri kupalilia muhogo na kufyeka majani chini ya mikorosho, hufanya kazi ambayo wengi wa mjini wasingeistahimili hata saa moja. Na hata hivyo kijana wa huko atamaniye kifua kipana na mikono iliyojaa huona kwamba jembe, pamoja na mashaka yake yote, limempa pumzi na ustahimilivu, lakini halikumpa umbo alitakalo. Sababu yake iliwekwa wazi zamani na tabibu wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwatibu huko Chicago majeruhi wa Vita Kuu ya Pili ambao misuli ya mapaja yao ilikuwa imesinyaa.

Desturi ya siku hizo ilikuwa kuwapa majeruhi mazoezi mepesi ya kurudiarudia. DeLorme aliigeuza desturi hiyo, na katika makala yake ya mwaka 1945 akaeleza kwamba uzito mkubwa kwa marudio machache huzaa nguvu, ilhali uzito mdogo kwa marudio mengi huzaa ustahimilivu, wala kimoja hakishiki mahali pa mwenziwe. Mwaka 1948, yeye na Arthur Watkins waliufupisha utaratibu huo: hutafutwa kwanza uzito ambao mtu aweza kuuinua mara 10, asiweze ya 11, kisha huinuliwa nusu yake mara 10, robo tatu yake mara 10, na mwisho wote kamili mara 10, na kadiri nguvu izidivyo, uzito nao huongezwa. Hapo ndipo jembe lishindwapo, maana uzito wake ni ule ule tangu msimu hadi msimu, na mwili uliokwisha kulizoea hauna haja ya kuongeza nyama.

Vijana wengi wa Pwani hujitengenezea vyuma kwa kumimina zege katika makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Nausifu ufundi huo kwa dhati, ila una upungufu mmoja ambao aghalabu hausemwi: zege likiisha kukauka, uzito wake haupandi tena. Lita moja ya zege ina takriban kilo 2.4, hivyo makopo mawili ya lita 4 hukaribia kilo 19, na bomba likiongezwa huwa 20 na kitu. Kijana akiinua hizo hizo mwaka mzima, amejipatia jembe la pili. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni vifuko vya mchanga vifungwavyo sawasawa huku na huku, kila kimoja kikiwa kimepimwa kwa mizani ya dukani, ili mzigo upande kwa kilo moja au mbili kila marudio 10 yanapokuwa mepesi. Msuli ule ule upewe walau siku moja kamili ya kupumzika kati ya zoezi na zoezi. Na wakati wa kulima, siku za vyuma zipunguzwe.

Ama kuhusu kuunguza kalori, ushahidi mkubwa umetoka hapa hapa Tanzania. Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwanywesha Wahadzabe 30 wa karibu na Ziwa Eyasi maji yenye haidrojeni na oksijeni za aina nzito zaidi ya kawaida. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, na oksijeni hutoka kwa maji na kwa hewa ya ukaa pia. Hivyo tofauti ya kasi zao, ipimwayo katika mkojo, huonyesha nishati iliyotumika. Matokeo ya mwaka 2012 yalistaajabisha: wanaume waliokuwa wakitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku walitumia kalori zipatazo 2,600, na ukizingatia ukubwa wa miili, hawakuwapita watu wa Marekani na Ulaya. Tena kilo moja ya msuli uliotulia hutumia kalori kama 13 tu kwa siku. Basi atakaye kupunguza mafuta sharti aanzie kwenye sahani, hususan sukari ya chai na maandazi.

Na sahani ndiyo pengo kubwa la mjenga mwili wa Kurui. Kijana wa kilo 60 ahitaji protini kama gramu 96 kwa siku, yaani 1.6 kwa kila kilo yake. Na kilo nzima ya muhogo, iliyo na kalori zipatazo 1,600, humpa gramu 14 tu. Lakini gramu 100 za kunde kavu na 100 za mbaazi humwongezea yapata 46, mayai mawili 12, konzi ya korosho ya gramu 50 humpa 9, na gramu 30 za dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hutimiza zilizosalia. Dagaa hao na mayai wasiachwe kwa kudhaniwa kuwa kunde zatosha, kwani jamii ya kunde ina uhaba wa methionini, nao ndio waijazao.