Ncha ya Tungsteni

Kazi ya kuongoza elektroni kwa mwanga huanza na waya. Ni waya ya tungsteni, unene wake milimita 0.1, inayochovywa kwenye mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi na kupitishiwa umeme. Pale kwenye uso wa mmumunyo, chuma huliwa haraka kuliko kwingine. Kiuno cha waya hukonda, kikazidi kukonda, mpaka kipande cha chini kinakatika kwa uzito wake na kuzama. Papo hapo umeme ukatwe. Ukichelewa, ncha iliyozaliwa huendelea kuliwa ikawa butu. Ndiyo maana mafundi hufunga sakiti inayohisi mkondo ukishuka ghafla, ikauzima kabla ya kufumba na kufumbua. Ukiwahi, inabaki ncha yenye nusukipenyo cha nanomita 10 hivi.

Ukali huo ndio unaoipa leza uwezo wa kung'oa elektroni kwenye ncha. Fotoni ya mwanga wa nanomita 800 hubeba elektroni-volti 1.55 tu, ilhali elektroni ya tungsteni haiachii chuma chake kwa chini ya 4.5 hivi. Moja haitoshi, zinahitajika angalau tatu kwa mpigo. Ili zikutane, mwanga usongamane mahali padogo mno. Ncha hufanya kazi ya fimbo ya kinga ya radi: huukusanya uga wa umeme wa mwanga kileleni pake. Mwanga ukizidi kuwa mkali, mawimbi yenyewe huanza kuzichukua elektroni na kuzirusha.

Mwaka 2011, huko Garching, Ujerumani, Michael Krüger, Markus Schenk na Peter Hommelhoff waliipiga ncha ya namna hii kwa mapigo ya leza ya femtosekunde 6 hivi. Kwa muda huo, mwanga wenye mbio za kilomita 300,000 kwa sekunde husogea chini ya mikromita 2. Humo humo elektroni ilitoka, wimbi likageuka na kuirudisha, ikagonga chuma na kurushwa upya ikiwa na nishati kubwa zaidi. Watafiti walipobadilisha mkao wa mawimbi ndani ya pigo, nishati za elektroni nazo zilibadilika. Wimbi la mwanga lilikuwa limegeuka usukani.

Tunapowasifu walioiongoza elektroni kwa mwanga, tumsifu pia aliyeketi na waya yake juu ya bakuli la mmumunyo. Kwenye chuma butu, pigo lile lile lisingefika mbali.