Kioo Ndani ya Kioo

Mkongo wa intaneti husifiwa kwa jinsi unavyouakisi mwanga. Sifa hiyo imekwenda pasipo pake, maana kuakisi ndiyo kazi iliyokuwa rahisi.

Mpiga mbizi akitazama juu kutoka chini ya maji, huiona mbingu ndani ya duara tu. Nje ya duara hilo uso wa bahari humwonyesha vilivyomo majini. Mwanga hewani huenda kasi kuliko majini, kwa hiyo ukitoka majini hupinda na kuulalia uso wa maji. Ukiufikia uso huo umeinama zaidi ya digrii 48 hivi kutoka wima, hauna tena pa kupindia, hurudi wote. Wote kabisa. Kioo cha kujitazama hakifanyi hivyo: hata kama kingerudisha asilimia 95 kila mara, mwanga ukigonga mara 100 isingebaki hata asilimia 1. Jean-Daniel Colladon wa Geneva aliyajua haya miaka ya 1840, alipouonyesha mwanga ukifuata mchirizi wa maji uliopinda.

Kwa nini basi ilichukua zaidi ya karne kuufikia mkongo wa nyuzi za kioo? Kwanza, mwanga haugeuki pale pale mpakani. Huchungulia nje kidogo mno, kisha hurudi. Unyuzi wa kioo ulio mtupu ukiguswa na vumbi, mafuta ya kidole au unyuzi mwenzake, mwanga huo unaochungulia hunaswa na kupotea. Dawa yake ilikuwa kuuvika ganda la kioo cha pili, ambamo mwanga huenda kasi zaidi kidogo. Mwaka 1956 Lawrence Curtiss, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliingiza ufito wa kioo ndani ya bomba la kioo, akavipasha moto na kuvivuta pamoja vikawa unyuzi mmoja. Mwaka uliofuata Basil Hirschowitz alikijaribu kifaa cha kuangalia tumboni kilichotengenezwa kwa nyuzi hizo, na koo la kwanza lilikuwa lake mwenyewe.

Lakini tumbo si mbali. Tatizo la pili, na ndilo lililokuwa gumu, ni kioo chenyewe. Kitazame cha dirishani ubavuni: ni kijani, kwa sababu ya chembe za chuma. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, huko Harlow, Uingereza, walidai kwamba kinachoumeza mwanga ni uchafu uliomo kiooni, na kwamba uchafu huondoleka. Katika vioo vya wakati huo, baada ya mita 20 ilibaki asilimia 1 ya mwanga. Wao walitaka asilimia hiyo ibaki baada ya kilomita nzima.

Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walifika huko mwaka 1970. Hawakusafisha mchanga. Walitengeneza kioo kwa mvuke unaochomwa motoni ukawa masizi meupe, wakayatandaza ndani ya bomba la silika safi. Hapo pana kichekesho: silika safi ndiyo inayofaa kuwa ganda, kwa hiyo kiini kilibidi kichafuliwe makusudi, kwa titani. Baada ya kilomita ilibaki asilimia 2. Miaka miwili baadaye titani ilipisha gerimani, na leo asilimia 1 hubaki baada ya kilomita 100 hivi.

Bado haitoshi kuvuka bahari. Mkongo wa TEAMS, uliofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, una vikuza mwanga vilivyolazwa chini ya bahari njiani. Mwaka huo huo Kao alipewa Tuzo ya Nobel.

Unyuzi wa leo una kiini cha mikromita 9 hivi ndani ya ganda la 125, na vioo hivyo viwili hutofautiana kidogo sana. (Katika kiini chembamba hivyo, habari ya mwanga kudundadunda ni lugha ya darasani, kwa kweli wimbi husafiri limekijaza kiini na kuingia kidogo gandani.) Kwa tofauti ndogo kama hiyo, unyuzi wa kawaida ukikunjwa kuzunguka kalamu, mwanga huvuka ganda na kwenda zake. Fundi wa faiba huwa na kitaa chekundu cha kuingiza upande mmoja wa waya, na pale ulipobanwa nyuma ya kabati wekundu huonekana ukivuja. Hulegeza kunjo hilo kwanza, ndipo aishike ruta.