Korona na saratani ya mlango wa kizazi: grafu ya Marekani haiijui Mbagala

Msomaji, ukifuatilia habari za korona na upimaji wa saratani, utakutana na grafu ya mstari unaoporomoka. Marekani, katika mpango wa serikali wa wanawake wa kipato cha chini, upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi Aprili 2020 ulishuka kwa asilimia 84 ukilinganishwa na wastani wa miaka 5 ya nyuma. Takwimu hiyo haina shida. Shida ni kuibeba kama ilivyo na kuileta Temeke au Kinondoni.

Uingereza, mwanamke hupelekewa barua zamu yake ikifika. Asipokwenda, mfumo unajua. Huku kwetu barua hakuna. Mama wa Mbagala au Bunju anapimwa kwa sababu alienda kliniki ya uzazi wa mpango nesi akamshauri, au gari la matangazo lilipita mtaani. Sasa janga likija, aliyekosa utamhesabuje wakati hakuwahi kuwa kwenye orodha? Daftari la kituo linaandika waliofika tu.

Utasema, mbona Tanzania haikufunga watu ndani? Kweli. Lakini 2020 daladala zilienda kwa “level siti”, foleni vituoni zikarefuka. Na mtu asiyeumwa popote, kwa nini akakae benchi moja na wanaokohoa?

Kuna jambo la pili ambalo grafu inalificha. Maambukizi ya HPV huchukua kawaida miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 hadi 10. Kwa hiyo aliyepimwa 2018 akakutwa salama, kisha akachelewa miezi sita, hayuko hatarini sawa na yule wa miaka 45 ambaye hajawahi kupimwa kabisa. Grafu inawahesabu wote wawili kama “aliyekosa” mmoja mmoja. Mimi namhofia huyo wa pili, maana alikuwa nje ya grafu hata kabla ya korona.

Kinachouma ni kwamba kipimo chenyewe ni rahisi. Nesi anapaka siki maalumu, anasubiri kama dakika moja, penye mabadiliko panageuka peupe. Mara nyingi tiba ya kugandisha inafanyika siku hiyohiyo. Kipimo cha HPV, mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, bila kupanga foleni ndefu.

Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa ifikapo 2030. Asilimia 70 ya akina nani, kama mtaa hauna orodha? Basi ukiona grafu nyingine ya janga, usiishie kuangalia mstari umeshuka kiasi gani. Uliza kwanza: hawa ni kati ya wangapi?

Na kama una miaka 30 hadi 50, au una VVU hata kabla ya 30, ulizia upimaji kituo cha karibu. Usisubiri gari la matangazo.