Tazameni Fainali C

Mwaka 2014, Mmarekani Nic Case aliendesha gari la rimoti, kitu unachoweza kubeba kwapani, likafika kilomita 325 kwa saa. Guinness wakaliandika. Nimeitazama video ile mara kadhaa na kila mara swali ni lile lile: haya, sasa? Gari linapita, fyuu, limekwisha. Hakuna kona, hakuna mpinzani, hakuna anayekosea kisha akajirudi. Rekodi ni safi, lakini kama hadithi ni sentensi moja tu. Hata mashabiki wa Safari Rally wanaokesha Naivasha hujipanga penye kona na vumbi, si penye barabara iliyonyooka.

Shida ni kwamba mashindano yenyewe ya magari haya, yale ya klabu za Uingereza, Japani na Marekani ambayo mimi huyafuatilia usiku data ikiwa bei nafuu, yamekuwa yakielekea huko huko. Tangu mota zisizo na brashi na betri za lithiamu ziingie, kila msimu gari linakimbia zaidi na kila msimu kuna mtu anayesema hivyo ndivyo mchezo unavyokua. Mimi nina mashaka. Nauliza swali ambalo ningeuliza riwaya yoyote: nani anaamua kitakachofuata, na sisi watazamaji tunabaki tukingoja nini?

Zamani aliyeamua alikuwa betri. Miaka ya 80 na 90 gari dogo la umeme lilibeba betri ya nikeli-kadimi ya volti 7.2, na mbio zilikuwa za dakika tano hivi. Ukiweka gia ya tamaa, unaongoza dakika tatu kama mfalme. Ya nne gari linaanza kuchoka. Ya tano linatambaa, na wale uliowaacha wanakupita mmoja mmoja, pengine kwa adabu, pengine la. Kwa hiyo dereva aliendesha huku anapiga hesabu kichwani, na aliyesimama kando ya uwanja alipiga hesabu naye: huyu wa mbele, kweli atafika?

Msinihesabu na wale wanaolilia enzi. Betri zile zilikuwa balaa. Seli zilipimwa moja moja, zilizolingana zikafungwa pamoja na kuuzwa ghali, na mwenye pesa alikuwa na dakika ya tano ndefu kuliko yako. Lithiamu ilimaliza upuuzi huo, na ahsante kwayo. Ila iliondoka pia na breki ambayo hakuna mtu aliyeibuni. Siku hizi betri inamaliza mbio ikiwa bado na nguvu. Kikomo kilichobaki ni binadamu aliyesimama jukwaani na rimoti mkononi.

Na binadamu hajaongezewa kitu. Anasimama pahali pamoja. Gari likiwa linamjia, kulia kwa gari ni kushoto kwake. Jicho likiona kosa, mkono unataka kama robo sekunde ndipo ujibu. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii ni ya shule tu: kwa kilomita 36 kwa saa, gari litakuwa limesogea mita mbili na nusu kabla hujafanya lolote. Kwa kilomita 72, mita tano. Na nguvu ya kishindo haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndani ya ukumbi mdogo, mita tano zinaweza kuwa kona nzima na ukuta wake. Kosa ambalo lingekugharimu sekunde moja sasa linavunja mkono wa tairi la mbele, na jioni yako imekwenda na vipuri vyako.

Kama betri haiandiki kikomo tena, lazima mtu akiandike. Ndiyo maana nasema kazi bora kabisa ya fasihi katika mchezo huu ni kitabu cha sheria, ingawa hakuna anayekisoma kwa raha. Mota hupangwa kwa idadi ya mizunguko ya waya uliomo ndani: mizunguko michache, kasi kubwa. Daraja la kawaida enzi za brashi lilikuwa la mizunguko 27. Mota mpya zilipokuja, ya 17.5 ikapewa kiti hicho. Halafu watengenezaji wa vidhibiti mwendo wakagundua kwamba programu inaweza kuisukuma mota ile ile izunguke kwa kasi ambayo sheria haikuiwazia. Mambo yakachacha. Jibu lililopatikana linanifurahisha mpaka leo: kidhibiti kikiwekwa katika hali ya kutoongeza chochote, taa yake ndogo hupepesa. Mkaguzi anainama, anaona taa inapepesa, basi. Hakuna kiapo, hakuna maabara.

Lakini wapi! Ukifunga mlango, jamaa wanapita dirishani. Sasa mtu ananunua mota tatu nne za aina moja ili apate ile yenye kasi kidogo. Ndipo klabu zikashuka hadi 21.5, wengine 25.5, na kila daraja jipya la polepole likizaliwa, mabingwa wanalifuata chini na mifuko yao, kama matajiri waliosikia kibandani kuna chapati tamu.

Daraja ambalo naona limefikiriwa vizuri ni lile Wamarekani wanaloliita Vintage Trans-Am. Mota ni ya 25.5, tairi zina kashata kama za gari la kweli, na ganda lazima liwe la magari ya miaka ya 60 na mwanzo wa 70, akina Mustang na Camaro. Ukilinganisha na magari ya daraja la juu, ambayo maganda yake yamebanwa na upepo mpaka yanafanana na kabari na hujui ni gari gani, hapa unamtambua kila mmoja. Gari linalala kwenye kona. Linateleza, linarudi. Kosa unaliona likianza, unaliona likikomaa, na mara nyingine unaliona likisamehewa. Hiyo robo sekunde inatosha.

Najua watakaosema polepole ni ya watoto. Daraja la wazi libaki, wenye vipaji wakimbie watakavyo. Fainali A itapendeza kwa mwendo wowote. Mimi ningewapeleka waandaaji wakatazame Fainali C. Madereva hupangwa kwa muda wao, A hadi chini, na C ndiko aliko yule aliyetoka kazini na gari moja na mota moja. Kama fainali yake ni kishindo cha kona ya kwanza kisha dakika nne za ukimya, mwezi ujao harudi. Na harudi peke yake: katika klabu nyingi, waliomaliza mbio ndio wanaosimama kwenye kona za mbio zinazofuata, kunyanyua magari yaliyopinduka. Akikosekana yule wa C, bingwa wa A atalala matairi juu pale kona ya mbali, anapiga kelele kutoka jukwaani, na hakuna mtu karibu.