Kamasi Washington na pumzi ndefu ya saksafoni

Mwaka 2015, Kamasi Washington wa Los Angeles alitoa The Epic, albamu ya diski tatu inayokaribia saa tatu. Ulikuwa ujasiri mkubwa, na nashukuru hakushawishika kuipunguza.

Hata hivyo, kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni fupi: Harmony of Difference ya 2017. Kila wimbo kati ya tano za kwanza una melodi yake. Wa sita, Truth, unazikusanya zote tano zipigwe kwa pamoja, na hakuna inayoimeza nyingine. Kwaya na vinanda vya nyuzi vinapopanda, saksafoni yake ya tenori huanza kwa noti nzito zisizo na haraka, halafu hukwaruza, hulia, hufika ukingoni pa kupasuka, na bado melodi unaisikia. Huo ndio ufundi wenyewe!

Tena hang'ang'anii jukwaa. Mara nyingi amepiga na wapiga dramu wawili, wenzake wa tangu ujana, na baba yake, Rickey, akipuliza filimbi pembeni. Mwanawe akimaliza solo, humpisha mzee. Hongera zao wote.